Klaksoni ya Barabara ya Lweba
Sehemu ya Tisa

Hakukata.

Najua mliapa kwamba angekata, na wengine mlibishana mpaka mkanuniana. Juma lililopita tulimwacha Tania amechuchumaa kando ya pikipiki ya Bertin, koleo mkononi, meno ya koleo yameuma waya mwekundu wa klaksoni, na kivuli cha mtu kimemwangukia mgongoni. Waya uko mzima. Kilichoanguka ni koleo.

"Tania! Unakata nini pale?"

Mwenye kivuli alikuwa Jacques, rais wa chama cha motari, waendesha pikipiki wa mji wa Baraka, mwenye kifua kipana na subira ya mtu anayeumwa jino. Nyuma yake walikuwa wamejaa motari wenzake. Walikuwa wamezima pikipiki zao mbali na gereji ili wasisikike wakija, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu.

Mmoja wao alikuwa ameshika kamba.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikueleze mbio mbio, wenzako wana haraka. Siku ya soko, asubuhi, Mama Godelieve, muuza mikeke, samaki wa ziwani, wa kijiji cha Lweba, aligongwa na pikipiki barabarani. Samaki wakamwagika, mguu ukavunjika, na mwenye pikipiki akakimbia. Waliokuwa mashambani hawakumwona. Walisikia klaksoni tu, honi kubwa kama ya lori.

Na huku kwetu klaksoni ni jina la mtu. Motari mwenye kofia na vumbi la njia nzima usoni, nani atamtambua kwa sura? Tunamtambua kwa mlio. Mama akisikia mlio anaoujua, anatoka na mzigo wake kichwani hata kabla pikipiki haijasimama. Mtoto akisikia wa baba yake, anakimbilia lango.

Sasa, Baraka nzima ilijulikana pikipiki moja tu yenye klaksoni ya kutisha namna hiyo: ya Bertin Ndabaneze, kijana mkimbizi kutoka Burundi. Aliyeifunga ni Tania, fundi, kwa mikono yake hiyo hiyo.

"Nakuuliza," Jacques alisema. "Unaficha bintu?"

"Mi njo nilimuomba aikate, prezida," Bertin akajibu kabla ya Tania kufungua kinywa. Alikuwa amesimama ukutani, mikono chini, jasho linamtiririka. "Niliogopa."

"Muntu mwenye hana kosa anaogopa nini?"

"Anaogopa batu."

Mwenye kamba akacheka, lakini hakuna aliyecheka naye.

"Siku ya soko ulikuwa wapi?" Jacques akauliza.

"Kitandani. Malaria. Bibi yangu alinifunika mablanketi yote yenye iko mu nyumba."

"Na zaidi ya bibi yako, nani alikuona?"

Bertin akatazama chini. Zaidi ya mkewe, nani humtembelea mgonjwa wa malaria siku ya soko?

Jacques akashusha pumzi. Tusimwonee bure, naye alikuwa amebanwa. Vijana wa Lweba walikuwa wameweka magogo barabarani, na hakuna pikipiki ya Baraka iliyopita tangu siku ile. Walikuwa wametuma neno moja tu: tuleteeni mtu wetu. Na kila mtu mle gerejini alijua mtu huyo akifika kwenye magogo yale hatarudi na miguu yake, kama atarudi.

"Tumupeleke sasa hivi," mwenye kamba akasema. "Njia ifunguke."

Walimsogelea. Tania akaokota koleo lake, akasimama katikati yao na Bertin. Ni mwanamke mfupi, Tania, na siku hiyo alijiona mfupi zaidi.

"Mutamupeleka na ushahidi gani?"

"Klaksoni!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi klaksoni ipelekwe kwanza. Mama Godelieve iko hopitali. Alivunjika muguu, hakuvunjika masikio. Tupige klaksoni nje ya dirisha yake, asikie, aseme."

Motari wakatazamana. Lilikuwa wazo la kichaa, lakini lilikuwa na haki ndani yake, na hakuna aliyetaka kuonekana anaikimbia haki mbele ya wenzake.

"Akisema si yenyewe?" Jacques akauliza.

"Bertin anarudia kwake."

"Na akisema ni yenyewe, anaenda Lweba leo, jua haijashuka. Umesikia, Tania? Na usinipigie magoti."

"Sitapiga magoti," Tania alisema.

*

Muuguzi alikataa klaksoni zisipigwe hospitalini. Kisha akaona umati uliokuwa langoni, akakubali.

"Mulio moja moja!" alifoka. "Halafu muende. Hapa kuna bagonjwa."

Pikipiki zilipangwa uani, nyuma ya ukuta wa wodi, mahali ambapo mgonjwa asingeziona. Ya Bertin iliwekwa katikati ya nyingine, na Jacques alikataza mtu yeyote kutaja jina. Dirishani alisimama Immaculée, binti wa Mama Godelieve, macho mekundu kwa kutolala. Mama yake alikuwa na maumivu ya mbavu, hakuweza kupaza sauti. Walikubaliana hivi: akiusikia mlio wenyewe, atainua mkono, na Immaculée atawatangazia walio nje.

Bertin alisimama katikati ya watu wawili waliomshika mikono. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Labda alikuwa anasali, labda alikuwa anahesabu watoto wake.

Klaksoni ya kwanza ikalia, piiip, kama zote mnazozijua.

"Hapana," Immaculée akasema.

Ya pili ilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye mafua. Mtu mmoja alicheka akapigwa kiwiko.

"Hapana."

Ya tatu ilikuwa ya Bertin. Jacques mwenyewe alibonyeza.

Jamani! Kuku waliruka ukuta. Mtoto aliyekuwa ananyonya chini ya veranda akaachia titi na kulia. Tania, aliyeifunga mwenyewe, aliyeufuata ule waya kutoka betri mpaka kwenye rele, kile kisanduku cheusi kinachosema tik kabla ya klaksoni kunguruma, hata yeye alishtuka.

Sauti ya Immaculée ikatoka dirishani.

"Njo hiyo! Mama amenyanyua mukono! Njo hiyo!"

Ilitosha. Walimrukia Bertin kama alikuwa anakimbia, naye alikuwa amesimama tu. Kamba ikapita mkononi mara moja, mara ya pili. Kofi likalia. Jacques alikuwa anapiga kelele wasimpige, wampeleke tu, lakini nani alikuwa anamsikiliza?

"Yaya Tania!" Bertin aliita, yaya kwa maana ya dada mkubwa. "Umuambie bibi yangu asitoke nyumba na batoto! Umuambie!"

Tania hakwenda kwa Bertin. Alikwenda dirishani. Alipita katikati ya watu kwa mabega, akazishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akachungulia ndani.

"Mama Godelieve! Sema na kinywa yako!"

"Toka hapa!" Immaculée akamsukuma vidole. "Unamusumbua mama! We njo ulimufungia ule muntu mubaya klaksoni!"

"Mama, nakuomba. Ni uhai ya muntu."

Kitandani, mkono wa Mama Godelieve ulikuwa ungali juu. Lakini haukuwa mkono wa mtu anayesema ndiyo. Ulikuwa unatikiswa polepole, kushoto, kulia, kama wa mtu anayezuia watoto wasile kabla chakula hakijaiva.

"Ngojeni," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nilinyanyua mukono ju nataka kusema. Si ju nimemaliza."

"Nyamazeni!" Tania akageuka na kupiga ukelele ambao hakujua anao. "Nyamazeni wote! Mama anaongea!"

Walinyamaza. Hata mwenye kamba.

"Hii ya leo," Mama Godelieve alisema, na Immaculée akarudia kila neno kwa walio nje, "hii ni sauti ya mwanamuke. Ile ya siku ile ilikuwa munene. Ya mwanaume. Zinafanana, hiyo nasikia. Ni kama batoto ya mama moja. Lakini si yenyewe."

Minong'ono ikazagaa ukutani. Bertin akafumba macho.

"Nilikuwa natembea na miguu, ju motari wangu alichelewa. Nikasikia kamyo, lori, nyuma yangu, karibu kabisa. Sasa, muntu wa Lweba anajua. Piki ikilia, unabaki katikati, ju yenyewe inapita pembeni, pale pasipo na mashimo. Kamyo ikilia, unaruka pembeni mpaka mu majani, ju yenyewe inakamata njia yote." Akapumzika kidogo. "Nikaruka pembeni. Kumbe si kamyo. Ni piki yenye sauti ya kamyo, na yenyewe iko pembeni. Hakunifuata, ule muntu. Mi njo nilimurukia."

Tania alihisi mikono yake mizito kwenye zile nondo. Siku alipoifunga klaksoni ya Bertin alijisifu. Alimwambia, sasa malori yatakusikia, sasa utafika nyumbani mzima. Aliwafikiria wenye malori. Hakumfikiria mtu wa miguu, mwenye samaki kichwani, ambaye masikio yake ndiyo yanayoiambia miguu iruke upande gani. Fundi mzuri kabisa, na hilo halikumpitia akilini. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Asante, mama," Jacques alisema, na watu wakadhani mambo yameisha. Tania naye akadhani.

Lakini Jacques aligeuka akawatazama motari wake, kisha akamtazama Bertin.

"Mi nasikitika," alisema. "Mama anaumwa. Dawa inamuchanganya masikio. Klaksoni ya mwanamuke, klaksoni ya mwanaume, nitaenda kueleza hiyo kwa bijana ya Lweba? Baraka mujini klaksoni kubwa iko moja. Kama kuna muntu anajua ingine, aseme."

Akangoja.

"Aseme sasa!"

Watu walitazama huku na huku. Hakuna aliyejua nyingine.

Hakuna, isipokuwa mmoja.

*

Hapa, msomaji, nisikilize vizuri. Tania alikuwa na jambo kichwani tangu mwanzo wa mkasa huu, na hakujua kwamba analo.

Klaksoni zile za konokono, zilizojikunja kama gamba la konokono, haziuzwi moja moja. Boksi moja lina mbili. Moja ina sauti nyembamba, ya pili ina sauti nene, na zikilia pamoja hufanya mlio mmoja wa lori, na hata moja peke yake hudanganya sikio. Betri ya Bertin ilikuwa imechoka, isingezibeba zote mbili. Kwa hiyo Tania alimfungia ile nyembamba peke yake. Ile nene aliiweka kwenye kibao, ikakaa na vumbi.

Mpaka jioni ya kuamkia siku ya soko, alipokuja Élie.

Élie ni mdogo wake Tania. Mama yao alipofariki, Tania alikuwa binti mdogo, na Élie alikuwa bado anabebwa mgongoni. Alimbeba yeye. Alimpikia, alimpiga, alimpeleka shule, alimfundisha kuendesha pikipiki kwenye uwanja wa mpira. Hana mtoto wa kumzaa, Tania. Mtoto wake ni huyo. Na huyo mtoto akiomba kitu anajua kuinamisha kichwa.

"Yaya, hii unaiwekea nani? Unifungie mi."

Akamfungia, na rele yake na fyuzi yake, kazi safi kabisa. Alimkataza kuijaribu mtaani, majirani wasije wakatoka na mapanga. Asubuhi, kabla mtu hajafungua duka, Élie aliondoka. Alisema anapanda Minembwe na mzigo wa mtu, atakaa huko huko mpaka amalize.

Minembwe ni juu, kwenye ng'ombe na baridi. Lweba ni kando ya ziwa, upande mwingine kabisa. Ndiyo maana Tania hakuwahi hata mara moja kuviweka viwili hivi pamoja, ile klaksoni nene na yule mama wa Lweba.

Sasa vilikuwa vimejiweka pamoja vyenyewe.

Angeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, na msinune: kwa muda alinyamaza. Alitazama vidole vya miguu yake vilivyojaa grisi. Alijiambia pengine si yeye. Alijiambia Élie yuko mlimani, anakula nyama, ana baridi. Nyuma yake alisikia pikipiki ikiwashwa, kisha nyingine. Walikuwa wanampandisha Bertin, mtu mbele yake, mtu nyuma yake.

"Ngoja kidogo," sauti ya Bertin ilisema. "Kuna kitu ya muntu."

Tania akageuka. Bertin, kwa mkono mmoja uliokuwa haujafungwa vizuri, alikuwa anahangaika na mfuko wa suruali. Akatoa bisibisi ndogo yenye mshikio wa kijani.

"Yaya Tania, hii ni yako. Niliisahau kwa mufuko."

Mtu anapelekwa kupigwa, na anarudisha bisibisi.

Tania aliipokea. Mkono wake uligusa mkono wa Bertin, na ule mkono ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. Akajua kwamba hawezi kunyamaza. Anampenda Élie kuliko roho yake, na hawezi.

"Zilikuwa mbili," alisema.

Jacques alikuwa amekwisha panda pikipiki. "Nini zilikuwa mbili?"

"Klaksoni. Kwa boksi moja. Bertin nilimufungia ya sauti ndogo. Ile munene nilifungia muntu mwingine."

Pikipiki zikazimwa moja baada ya nyingine.

"Nani?"

"Élie."

"Élie gani?"

Lilikuwa swali la bure. Kila mtu pale alimjua. Wengine walikuwa wamekula naye sambusa barazani kwa Tania.

"Leki yangu," Tania alisema. "Mudogo wangu mwenyewe."

Hapo ndipo Immaculée alipotoa sauti dirishani. Haikuwa ya hasira tena.

"Élie? Hapana. Haiwezekane." Akageukia ndani. "Mama, umesikia? Banasema Élie."

Na Mama Godelieve, aliyekuwa amelala akitazama dari, akageuza kichwa.

"Élie njo motari wangu," alisema. "Njo ule nilikuwa namungojea."

Tania akashika ukuta.

Maana sasa aliiona njia yote. Kabla ya kupanda Minembwe, kijana alipita kwanza Lweba kumchukua mteja wake. Alichelewa kidogo, akamkuta ameshaanza kutembea, samaki kichwani. Akafurahi. Akataka kumshtua kidogo na klaksoni mpya aliyofungiwa na dada yake. Angepiga klaksoni ya zamani, ile Mama Godelieve aliyoijua, mama angegeuka, angecheka, angepanda. Alipiga sauti ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuisikia kwa Élie. Mama akasikia lori, akaruka.

Na kijana akakimbia. Hilo hakuna klaksoni ya kulibeba. Hilo ni lake.

"Bertin mumufungue," Tania alisema.

"Bado," Jacques akajibu. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Alishuka, akamsogelea. "Tania, mi nakuamini. Lakini bale ba Lweba hawatakuamini. Batasema unatunga, ju Élie iko mbali na Bertin iko karibu. Uko na simu?"

"Niko nayo."

"Mupigie. Weka sauti kubwa tusikie wote. Umuulize iko wapi, umuulize kama alipita Lweba. Neno moja ya kumuonya, moja tu, na Bertin anaenda."

Tania alitoa simu. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, na kidole chake kiliteleza kwa jasho mara mbili kabla ya kulipata jina. Watu walisogea mpaka akasikia pumzi zao. Bertin alikuwa bado juu ya pikipiki, mkono mmoja kwenye kamba, anamtazama.

Simu ikaita. Ikaita. Tania aliomba isipokelewe.

"Allô, yaya!"

Sauti ile ile. Ya mtoto anayeinamisha kichwa.

"Élie. Uko wapi?"

"Minembwe, yaya. Baridi iko mingi huku, we acha tu. Reseau iko mubaya. Unanisikia?"

"Nakusikia. Nini inalia nyuma yako?"

"Upepo. Huku mulimani upepo haiishe."

Jacques alikunja uso akatega sikio. Motari wote walitega sikio. Upepo ule, msomaji, ulikuwa unabadilisha gia.

Tania aliusikia pia. Amesikia injini tangu utotoni. Alifumba macho akajaribu kutojua anachokijua.

"Utarudia lini?"

"Labda kesho. Kazi haijaisha. Kwa nini sauti yako iko vile? Unagonjwa?"

"Siko mugonjwa." Jacques alikuwa amemkazia macho. "Élie, siku ya soko ulipita Lweba?"

Ule upepo peke yake ulisikika.

"Lweba?" Élie akacheka, na kicheko kilikuwa kikavu. "Mi nitafuta nini Lweba? Nilipanda huku moja kwa moja. Nani anasema mi nilipita Lweba?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Tania. Neno moja dogo. Geuka. Hata mtoto angeliweza kulisema. Alimtazama Bertin, akakaza vidole kwenye bisibisi ya kijani mpaka vikauma, akalimeza.

"Nauliza tu," alisema.

"Yaya, usisikilize mambo ya batu. Mi nitakuya, tutaongea. Mi naku..."

Hakumaliza. Sijui ni mbuzi aliyekatiza, au mtoto na tairi lake. Motari kidole gumba chake hakiombi ruhusa kichwani, kinabonyeza chenyewe.

Klaksoni ililia. Nene, ya mwanaume, kubwa kama ya lori.

Ililia ndani ya simu. Na ililia pale pale, wakati ule ule, nje ya ukuta wa hospitali, kwenye kona ya barabara.

Vichwa vyote viligeukia lango. Mwenye kamba aliiachia bila kujua, ikaanguka chini ya pikipiki. Kwa nini mtu anayejificha milimani aje mpaka mlango wa hospitali alikolazwa mtu aliyemgonga? Analeta nini? Anamtafuta nani? Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanasikiliza injini ikipunguza mwendo, ikipunguza tena, ndani ya simu na nje ya ukuta.

"Yaya?" Sauti ya Élie sasa ilikuwa ndogo. "Yaya Tania? Umesikia kitu?"

Tania aliinua macho kwenye dirisha. Mkono wa Mama Godelieve ulikuwa juu, umenyooka, na safari hii hautikisiki.

"Nimesikia, Élie," alisema. "Na Mama Godelieve amesikia."